Mkono Niliouinua Selvadur

Mashine ya kwanza ya kupandisha watu mlimani hapa kijijini kwetu Selvadur aliifunga baba yangu, Placi, mwaka 1947, kwenye malisho yetu. Ilikuwa injini ya lori la jeshi lililochakaa, magurudumu mawili ya chuma na kamba nene ya katani. Mgeni aliishika kamba kwa mikono miwili, mbao zake za kutelezea zikiwa miguuni, nayo ikamvuta hadi juu. Glavu mpya hazikumaliza wiki. Mimi nilikuwa na miaka tisa. Mama alisema jibini ya mwaka ule ilinuka dizeli, lakini tuliila.

Natangulia kusema hivi kwa sababu vijana wa sasa hudhani baba alikuwa adui wa michezo ya theluji. Hakuwa. Yeye ndiye aliyewabebea mizigo wageni wa mwanzo, akawaonyesha njia, akawaokota walipovunjika miguu. Baada yake zikaja hoteli mbili, halafu ya tatu. Watu waliozoea kwenda bondeni kutafuta vibarua kila kipupwe wakaanza kubaki nyumbani.

Mwaka 1963 kampuni moja ya mjini ikamtuma mhandisi Hunziker, mtu mwembamba aliyevaa tai hata kwenye matope. Alitaka kujenga lifti ya viti vinavyoning'inia kwenye waya, na kufungua mteremko mpana ambao ungewashusha wageni mpaka mlangoni mwa kanisa. Tatizo lilikuwa msitu. Msitu ule wa misonobari ulisimama juu ya Kitongoji cha Juu, nyumba nne na mabanda yake, likiwemo banda letu la ng'ombe. Tangu enzi za mababu haukuguswa. Ukikata hata fimbo ya kutembelea mle, ulijibu mbele ya kijiji kizima.

Tukakutana kwenye ukumbi wa shule. Wanaume walikaa kwenye madawati ya watoto, wanawake wakasimama nyuma, maana siku hizo hawakuwa na kura. Dada yangu Onna, mdogo wangu kwa miaka minne, alisimama karibu na jiko akifuma soksi.

Baba alisema msitu ndio unaozuia theluji isiporomoke. Akasema na kuketi. Hakuwa mtu wa maneno mengi.

Tumasch, mwenye hoteli, akacheka. "Placi, si wewe uliyewaleta hawa wageni? Sasa unataka wapande kwa ngazi?"

"Nilimfungulia mgeni mlango," baba akajibu. "Sikumwambia ang'oe paa."

"Paa lako linavuja miaka kumi, mzee. Hata ukiling'oa nani atajua?"

Watu wakaangua kicheko, na baba mwenyewe akatabasamu kidogo. Kisha wakaitwa wanaokubali wainue mikono.

Hunziker alikuwa amekwisha kuniahidi kazi ya fundi mkuu wa kituo cha lifti. Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, nimechoka kuamka saa kumi na moja alfajiri kukamua ng'ombe. Nikainua mkono. Baba alikuwa dawati la mbele yangu. Aligeuka taratibu, kama mtu anayetazama kama mvua imeanza, akauona, akageuka tena.

Waliokubali walikuwa arobaini na mmoja, waliokataa ishirini na wawili. Kwa hiyo mkono wangu haukubadilisha kitu. Watu wamenikumbusha hesabu hiyo maisha yangu yote, kwa wema.

Mama alikuwa ameshafariki wakati huo. Jioni ile Onna alitupakulia supu ya shayiri. Baba alimega mkate, akala nusu ya bakuli, halafu akaniambia, "Risch, mkono wako umenyooka vizuri. Kesho ushike koleo, samadi imejaa."

Basi. Hakulitaja tena. Nilishika koleo kesho yake. Kiangazi kile misonobari ikaangushwa, na baba alikuwa miongoni mwa waliolipwa kuikokota, kwa sababu farasi wetu ndiye aliyekuwa na nguvu kuliko wote.

Miaka saba tukala pamoja meza moja. Lifti ilifanya kazi vizuri. Wageni wakaongezeka hadi wengine wakalala kwenye vyumba vya wenyeji, na wenyeji wakalala jikoni. Mimi nilivaa koti la buluu lenye jina langu kifuani.

Mwezi wa pili mwaka 1970 theluji ilianguka siku tatu mfululizo. Siku ya nne asubuhi, saa moja na robo, nilikuwa kituoni nikifagia viti. Baba na Onna walikuwa wamepanda Kitongoji cha Juu kukamua. Nilisikia kitu kama mtu anayeburuta kabati kubwa kwenye chumba cha juu. Kisha upepo ukanipiga, madirisha ya kituo yakapasuka, halafu kukawa kimya. Nilipotoka, Kitongoji cha Juu hakikuwepo. Mteremko ulikuwa mweupe na laini kuanzia kileleni mpaka ukutani mwa makaburi.

Tulichimba. Tulipanga mstari bega kwa bega, tukichoma theluji kwa fimbo ndefu za chuma. Wageni wa hoteli nao walichimba, wengine na nguo za kulalia chini ya makoti. Saa tano Tumasch, yule yule, akasikia sauti ya ng'ombe chini ya miguu yake. Tulipofika chini tulimkuta Onna kabanwa kati ya ng'ombe wawili. Mmoja alikuwa amekufa. Yule mzima ndiye aliyempa joto.

Onna alinitazama. "Baba yuko upande wa mlango," akasema.

Tulimpata kesho yake mchana, upande wa mlango kama alivyosema. Waliokufa walikuwa watano kwa jumla.

Nilingoja kulia. Niliosha mwili wa baba pamoja na padri, nikamvalisha suti ya arusi, nikabeba jeneza. Nilikuwa kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Unaugusa, unajua ni wako, lakini hauleti habari. Nikadhani ganzi ile itaisha baada ya maziko, kisha nikadhani itaisha Pasaka.

Siku ya tisa kampuni ikafungua tena lifti. Hunziker alinijia, tai ikiwa imepinda. "Risch, naweza kumwita mtu mwingine aiwashe."

"Mtu mwingine hajui klachi yake," nikasema. Nikabonyeza kitufe cha kijani, viti vikaanza kwenda. Wageni walipanda wakinisalimu kwa sauti ya chini.

Serikali ilileta wataalamu. Waliandika kwamba theluji ya namna ile ingeweza kushuka hata kama msitu ungekuwepo. Ingeweza. Nililisoma neno lile mara nyingi, nikitafuta kama kuna la kuhisi ndani yake.

Onna akahamia mji wa Chur, akafanya kazi ya kushona kwenye hospitali, akaolewa, akafiwa na mume. Alikuja Selvadur kila Krismasi, akala chakula cha mchana, akashuka na basi la saa kumi. Hakulala hapa hata mara moja.

Mimi nilibaki. Pale palipokuwa na misonobari wakasimika vizuizi vya chuma vya kushika theluji, safu kwa safu. Ile lifti ya viti ikaondolewa, vikaja vigari vya vioo vinavyobeba watu wanane. Zikaja mashine za kutema theluji ya bandia, wapishi kutoka Ureno, Waholanzi wenye watoto wengi, vitanda elfu nne. Nilioa, nikapata watoto wawili, nikamzika mke wangu Ursina. Nilifanya yote inavyotakiwa. Ursina aliwahi kuniambia kuishi nami ni kama kuishi na mlinzi wa benki, mtu mwema anayetazama mlango. Sikuweza kumbishia.

Mwaka 2022 kampuni ilitimiza miaka sabini na mitano, wakihesabu tangu kamba ya baba. Mkurugenzi, binti aitwaye Seraina, mjukuu wa Tumasch, alikuja nyumbani na picha kubwa ya baba akiwa na lile lori.

"Babu Risch, tutaitundika kituoni. Tunaomba uzungumze dakika tano. Uwaeleze jinsi mzee alivyoona mbali."

Nikaenda. Ukumbi ulijaa, na Onna alikuwa mstari wa mbele, miaka themanini, kofia kichwani. Nilieleza juu ya kamba na glavu, watu wakacheka. Kisha nikasema kwamba baba aliupinga mteremko uliopita msituni, kwamba mimi niliinua mkono kuukubali, na kwamba mteremko ule ulimshukia. Nikasema sijawahi kumlilia. Sikujua kama nilipanga kusema hivyo. Nikaketi.

Mtu akakohoa, kisha wakapiga makofi, kwa kuwa hawakujua lingine la kufanya. Seraina alikuja akachuchumaa kando ya kiti changu. "Babu, bado tuitundike?"

"Itundikeni. Lori alilifunga kweli."

Nje, tukiwa tunangoja basi la Onna, nilimuuliza jambo nililokuwa nimeogopa kuliuliza miaka hamsini na miwili. "Asubuhi ile bandani, baba alisema nini?"

"Juu ya nini?"

"Juu yangu."

Onna akafikiri. Alifikiri kweli, hakutafuta jibu la kunifurahisha. "Hakusema lolote juu yako. Yule ng'ombe Fluria alimpiga teke, ndoo ikamwagika. Alikuwa anamtukana ng'ombe."

"Basi?"

"Basi. Matusi mazito, lakini. Mengine sikuwahi kuyasikia."

Nilikuwa nimejiandaa kwa lawama, na siku nyingine nilijiandaa kwa msamaha. Kumbe hapakuwa na chochote, ila mtu na ng'ombe wake na maziwa yaliyomwagika. Nilijipapasa moyoni kama mtu anayetafuta funguo. Ganzi ilikuwepo bado.

"Unalia?" Onna akaniuliza.

"Hapana."

"Mimi nililia kwa niaba ya wote wawili. Usijisumbue."

Basi likaja, dereva akafungua mlango. Onna aliangalia ngazi zake, akaangalia mlima, akamwambia dereva aende. Nilimpa chumba cha Ursina. Nilidhani atakaa usiku mmoja. Jumatatu akampigia simu mwanawe amletee cherehani.

Anakoroma, na ananisema kwa jinsi ninavyokatakata viazi. Asubuhi theluji inapoanguka huwa haongei mpaka ikome, nami namwekea kahawa karibu, nakaa upande wa pili wa meza.