Uzi wa Njano Mfukoni

Irungu alikataliwa na jeshi mara tatu, mara ya mwisho kwa sababu ya meno. Halafu siku moja akamfikia mama yake, Nduta, hapo Yamumbi, amevaa magwanda ya madoadoa. "Mama, wamenichukua!" Nduta akapiga vigelegele mpaka kuku wakakimbia.

Lakini mama ni mama. Akaogopa shati la mtoto litaibwa kwenye kamba huko kambini. Akachukua ile sindano yake ya vitambaa vya viti, akamshonea jina mfukoni kwa uzi wa njano, na ua dogo pembeni.

Ua hilo ndilo lililomponza. Kwenye arusi ya kanisani, sajini wa kweli aitwaye Wanyama, mkazi wa Kimumu, alilitazama akacheka.

"Kijana, siku hizi jeshi linatupamba maua? Haya, namba yako ya kazi?"

Irungu akarudi nyuma kuelekea mlangoni. Jioni hiyo alilala seli.

Mahakamani aliomba huruma. Shati alilinunua mitumbani wiki hiyohiyo, akasema, akalivaa mara moja tu, apigwe picha. Hakimu akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeanza kulainika. Ujinga wa siku moja husameheka. Kujifanya askari miezi na miezi ni jela.

Nduta hakusikia neno hata moja. Shahidi hukaa nje mpaka aitwe, na yeye ndiye aliyekuwa shahidi wa mwanawe. Alikaa kwenye benchi la baridi akiomba Mungu, leso imelowa.

Akaitwa. Mwendesha mashtaka akainua shati.

"Mama, unaijua hii kazi?"

"Naijua. Ni mkono wangu."

"Ulishona lini?"

Nduta akaona hapa ndipo pa kumtetea. Wajue kijana huyu ana kwao, ana mama.

"Mwaka jana, tukipanda mahindi. Na kila Jumamosi namfulia, nampigia pasi. Hajawahi kutoka mchafu!"

Hakimu akachukua kalamu, akaandika. Irungu akainamisha kichwa, na hapo ndipo mama alipojua kuna kitu amevunja, asijue ni nini mpaka alipoelezwa nje.

Miaka miwili.

Alikimbilia lori la wafungwa, akashika wavu. Tangu utotoni, Irungu akilia, dawa yake ilikuwa moja.

"Kitendawili, baba," akamwita.

Irungu hakusema tega.