Utelezi wa Tangi la Tatu

Mdogo wangu ana kiwanda cha ngozi. Maji yake machafu yalishuka na mtaro hadi bustanini kwangu, kabichi zikawa zinaoza zingali changa. Nilipomlalamikia alicheka. "Kaka, si ununue mboga sokoni kama watu wengine?"

Alijifunza kunyenyekea siku serikali ilipotishia kumfungia. Akaja kumwomba msaada binti yangu, mtaalamu wa maabara, akamwajiri. Binti alikwenda kwenye matope ya mtaro uleule, akachota bakteria waliokwisha kuzoea sumu, akawachagua na kuwalisha uchafu wa ngozi kidogo kidogo hadi wakawa walafi. Akawapandikiza kwenye kokoto za tangi la tatu la kusafishia maji pale kiwandani. Kokoto zikaota utelezi wa kahawia kama uji uliomwagika, na maji yakaanza kutoka maangavu. Nikavuna kabichi ngumu kama ngumi.

"Baba mdogo, utelezi huu usiguswe," alimwambia mbele yangu. "Ndio wenyewe hawa. Ukiuosha, umewaua."

"Nimesikia, mwanangu, nimesikia." Macho yalikuwa kwenye simu.

Basi mambo yalipomnyookea mdogo wangu, akamfukuza binti yangu. Tena getini, wafanyakazi wote wakitazama, binti wa watu amekumbatia koti lake jeupe la maabara.

"Wadudu wanajilea wenyewe," alimwambia. "Au unataka nikulipe mshahara wa kukodolea matope?"

Watu wakacheka, maana anayecheka ndiye anayewalipa. Wiki hiyohiyo akasema redioni kwamba mtambo ule wa kusafisha maji kwa bakteria aliubuni yeye. Binti yangu hakulia. Alileta chupa moja ya mbegu ya bakteria wale, akaiweka kwenye friji yangu nyuma ya maziwa, akaenda kutafuta kazi kwingine. Aliyekosa usingizi ni mimi.

Wakaguzi wa mazingira walipokaribia kuja, mdogo wangu aliniita nikaone alivyojiandaa. Huyu tangu utoto ni mtu wa kung'arisha: viatu, meno, gari. Nilikuta tangi la tatu limekaushwa maji, watu wameshika brashi, na mapipa ya klorini yako wazi.

"Wageni wasije wakakuta kinyaa hiki," alisema. "Kaka, wewe una jicho. Pamebaki wapi?"

Neno moja lingetosha kumzuia. Nililiona lile geti, nikaliona lile koti.

"Kona ile," nikamwonyesha kwa fimbo. "Bado panateleza."

"Ndiyo maana nakupenda, kaka!" Akakunja suruali, akaingia mwenyewe. Alisugua mpaka kokoto zikawa nyeupe kama mayai. Nikamsifu, tena kwa sauti.

Wakaguzi hawakutazama kokoto. Walikinga chupa zao kwenye mdomo wa bomba, na harufu peke yake iliwarudisha nyuma. Geti likatiwa kufuli.

Kesho yake alikuja kwangu, viatu vimejaa vumbi. Binti yangu alikuwa amekuja kunisalimu, yuko jikoni akinimenyea vitunguu.

"Mwanangu, niokoe. Wamekufa wote."

"Uliwasugua, baba mdogo?"

"Baba yako alikuwepo! Yeye ndiye aliyenionyesha kona!"

Binti yangu akanigeukia, kisu mkononi. "Baba, si ulinisikia nilipomkataza?"

"Nilikusikia vizuri sana."

Nikafungua friji, nikatoa chupa. Mdogo wangu akainyooshea mikono yote miwili.

"Taratibu," nikamwambia. "Utaipata ukisimama pale getini, mbele ya walewale waliocheka, useme mtambo ni wa nani."

"Kaka, unanivua nguo."

"Ndiyo."

"Na kabichi zako? Uchafu ule utakufikia wewe kwanza!"

"Umeshafika." Kutoka dirishani zilionekana, majani yamenyauka pembeni. Nitapanda nyingine.

Binti yangu alifuta mikono. "Nipe, Baba. Ni yangu hiyo."

Nikampa, roho juu. Namjua, ana huruma za mama yake. Aliiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaitikisa kidogo, kisha akairudisha mwenyewe nyuma ya maziwa na kufunga friji.

"Getini, baba mdogo," alisema. "Na koti langu utalishika wewe."