Pini Moja ya Dhahabu

Fimbo zilikuwa zinatua uani, na Aloyce alikuwa amepiga magoti mbele ya monita kana kwamba anaisujudia. Picha ilitetemeka, ikatulia kidogo, ikatetemeka tena. Laptopu ya ofisi yenyewe ilikuwa nzima, ila kioo chake kilipasuka mwaka juzi, 1996, ilipoanguka kutoka kwenye pikipiki njia ya Mpanda mjini. Tangu hapo chama cha wakulima wa tumbaku pale Kasokola kiliiunganisha na monita ya mezani, kubwa kama televisheni, na kazi ikaendelea. Sasa ilikuwa wiki nzima picha inacheza hadi mtu anaumwa kichwa.

Aliyekuwa akipigwa ni Callixte, mlinzi wa ofisi. Na aliyemponza ni Aloyce, kwa mdomo wake mwenyewe.

Tuseme kweli, fundi huyu alipenda kusikilizwa. Alisoma kompyuta Mwanza kwa miezi michache, akarudi anatembea kama daktari wa mkoa. Asubuhi ile aliuchomoa waya wa monita, akakitazama kichwa chake, akamwambia meneja Gaudensi, "Bosi, hapa pini moja haipo. Ndiyo maana."

"Imekwenda wapi?"

"Haiwezi kutoka yenyewe."

Gaudensi akaushika waya, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Mbona zinang'aa hivi?"

Hapo mtu mwenye akili angesema hajui. Lakini si Aloyce. "Dhahabu hiyo, bosi. Zimepakwa dhahabu."

Miaka ile Mpanda nzima ilikuwa inachimba, na watu waliuana kwa chembe ambayo ungeweza kuipeperusha kwa pumzi. Gaudensi hakuhitaji kuuliza zaidi. Nani analala na ufunguo wa ofisi? Callixte. Callixte katoka wapi? Katumba, kwa wakimbizi. Ikatosha. Kabla chai haijapoa sungusungu walishajaa uani na fimbo zao, mbele yao mtemi wao Ngusa, Msukuma mrefu asiyependa maneno mengi.

Na usiku uliotangulia Aloyce alilala kwa huyohuyo Callixte, maana Kasokola haikuwa na gesti. Alikula maharage ya Esteria, mke wa Callixte, akaongezewa bila kuomba. Akapewa kitanda, wenye nyumba wakalala chini.

"Iko wapi?" Sauti ya Ngusa ilipenya dirishani.

"Mtemi, sijui dhahabu yoyote. Naapa kwa Mungu!"

"Wekeni mkono wake kwenye gogo. Mkono ndio ulioiba, tuuulize wenyewe."

Aloyce akaparamia mkoba wake. Alikuwa na waya mwingine, mpya, kwenye nailoni ambayo haijafunguliwa tangu kiwandani. Akaichana kwa meno. Afunge waya huu, picha itulie, watu wafurahi na kutawanyika. Akakitazama kichwa chake. Pini moja haikuwepo. Ileile, mahali palepale.

Hakuna aliyeiba kitu. Ndivyo zinavyotengenezwa.

Angekimbia uani hapohapo kuwazuia. Hakukimbia. Alisimama na waya mkononi akifikiria sheria ya sungusungu, ambayo kila mtu anaijua: aliyesingizia hupewa kilekile alichopewa aliyesingiziwa. Aliogopa, tena aliogopa kwa ajili ya ngozi yake mwenyewe. Pengine watachoka, akajiambia. Pengine watamwachia.

Kisha ukasikika mlio ambao haukuwa wa fimbo kwenye nyama. Ulikuwa kama wa muhogo mkavu unaovunjwa. Callixte hakupiga kelele. Esteria ndiye aliyepiga.

Aloyce akatoka mbio, nyaya zote mbili juu ya kichwa. "Acheni! Acheni, hajaiba! Mtemi, angalia. Huu wa ofisi, huu mpya nimefungua sasa hivi. Zote hazina. Zinakuja hivyo!"

Ngusa akazipokea. Akapitisha ukucha kwenye pini za waya mmoja, halafu wa pili, taratibu, kama anayekagua meno ya ng'ombe sokoni. Esteria alikuwa analia kwa Kirundi.

"Nani alisema imeibwa?"

"Fundi," Gaudensi akawahi.

"Mimi," Aloyce akasema.

Ngusa hakumpigia kelele. Alichukua fimbo, akampa Callixte. "Yako."

Callixte aliinuka kwa kumshika mkewe begani. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba na vidole viwili vimetazama upande usio wao. Akaipokea fimbo kwa mkono wa kushoto. Aloyce alipiga magoti, na ndani yake, asitudanganye, alitegemea kusamehewa. Walikula sahani moja na huyu mtu.

Fimbo ilimpata mdomoni. Jino likatoka na damu.

"Ulikula kwangu," Callixte akasema, akapiga tena. "Ulilala kitandani kwangu." Akapiga mgongo, akapiga shingo. "Ulikula kwangu!" Alipiga mpaka mkono wa kushoto nao ukachoka, ndipo akaacha, akihema.

"Nenda ndani," akasema. "Kamalizie kazi. Nataka kujua ni nini kimenivunja mkono."

Aloyce akaingia akijishika ukuta. Akafunga waya mpya. Picha ikacheza vilevile. Akabana kichwa cha waya kwa skrubu zake, akabadilisha soketi, akasikiliza jenereta ya chama; ilikuwa inanguruma vizuri tu. Damu ilidondokea kwenye vitufe vya laptopu. Na katika kule kusikiliza akasikia muungurumo mwingine, mdogo, chini ya meza, ndani ya gunia ambalo asubuhi Gaudensi alimwambia asiguse, vitu vyake binafsi tu.

Akalipiga teke gunia, likafunuka. Ilikuwa chaja ya betri za gari, pande la chuma, la moto. Akachomoa. Picha ikasimama tuli. Akachomeka, ikacheza. Akachomoa tena. Chaja kama ile ikifanya kazi inatoa sumaku, na sumaku huivuruga monita. Alifundishwa hivyo Mwanza, siku ya kwanza kabisa, akaandika kwenye daftari na kusahau.

Gaudensi alikuwa mlangoni. "Mdogo wangu," akanong'ona, "usiseme. Ni betri ya televisheni ya nyumbani. Wanachama wakijua nachajia dizeli yao, nimekwisha. Kazi zote za chama nitakupa wewe."

"Ulianza kuchaji lini?"

"Wiki hii."

"Na picha ilianza kucheza lini?"

Aloyce akaibeba chaja kwa mikono miwili, ikimuunguza, akampita, akaenda kuibwaga mbele ya Callixte.

"Hii," akasema. "Ya bosi. Alikuwa ameificha."

Sungusungu hawakungoja kuambiwa. Walimkokota Gaudensi kwa ukosi wa shati, wakampigisha magoti palepale penye gogo. Ngusa akaokota fimbo, akampa tena Callixte.

Callixte aliishika. Akamtazama meneja wake, akatikisa kichwa.

"Mimi nikimpiga huyu, kesho narudishwa Katumba na mke wangu, na kazi sina, na mkono wa kulima sina." Akamgeukia Aloyce. Macho yake yalikuwa makavu. "Wewe una kwenu. Nipigie."

Aloyce akaipokea fimbo. Ilikuwa na utelezi wa damu, na sehemu ya damu ile ilikuwa yake. Gaudensi alimtazama, midomo inacheza, akasema tena, "Mdogo wangu." Mkono wa Aloyce ukapanda kwa wepesi uliomtisha, wepesi uleule wa asubuhi alipolitamka neno dhahabu.

Akapiga. Na meneja akalia, "Naapa kwa Mungu, sikujua," kwa sauti ambayo Aloyce alishaisikia siku hiyohiyo kupitia dirishani.