Karafuu za Mguuni mwa Bi Mize

Jumatatu moja ya mwaka sabini na moja, Bi Mize wa Jang'ombe, Unguja, alifungua kitambaa mguuni aoshe donda ndugu lake kwa maji ya moto na chumvi, akakuta limeota karafuu. Kikonyo kimoja, vichwa saba vibichi. Akaosha pembeni yake. Donda lilikuwa linawanga kwa maumivu vile vile, na mtu aliyeuma kanga miaka tisa ili majirani wasisikie hana nafasi ya kushangaa.

Karafuu alishachuma za kutosha shambani, mpaka ngazi ikamtupa, muundi ukachanika. Alichotaka ni kuvuka kwenda Dar es Salaam, kwa daktari anayeponya madonda. Hapa dresa, mfunga vidonda wa hospitali, alimpa pamba na pole. Pamba ilipokwisha, akampa pole tupu.

Binti yake, Kurwa, akamshika mkono mpaka ofisi ya vibali vya safari. Karani Usi, jirani yao, aliinuka kwa adabu.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba, mwanangu. Nnataka ruhusa nkatibiwe."

Usi akainama, akaunusa mguu, akafunga daftari.

"Hii karafuu, Bi Mize. Karafuu haivuki bila ya serikali. Ukipanda meli na mguu huu, ni magendo."

"Basi tutazing'oa," alisema Kurwa.

"Kung'oa mkarafuu nako ni kosa."

"Alaa!" Bi Mize akapiga meza. "Usaha wangu, maumivu yangu, karafuu ya serikali? Basi na iumwe hiyo serikali!"

Usi alisema maumivu hayamo katika sheria. Wallahi, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake!

Wiki ile ile walikuja wachumaji wawili wa serikali na msimamizi wao, watu wazima na akili zao, wakatandika jamvi barazani, wakachuma. Kila kichwa kilitoka na damu. Bi Mize alipiga kelele mtaa mzima ukasikia, na mtaa mzima ukafunga madirisha.

Walipomaliza, Kurwa alileta kitambaa safi amfunge mama yake. Msimamizi akamzuia kwa upole.

"Usiufunge, mwanangu. Mti unataka hewa."

Bi Mize akaomba walau kidonge cha maumivu. Garini mwao mlikuwa na mbolea tu. Wakamtilia.