Salamu za Kupelekewa Lazarus

Tangu pasta aseme kwamba mbinguni tutatambuana, Namalwa hakupata usingizi. Wengine walishangilia. Yeye alipiga hesabu. Mumewe Lazarus, baba wa binti yao Becky, alifariki akiwa kijana wa miaka thelathini na moja, na licha ya jina lake hakufufuka. Wakati huo Namalwa alikuwa na ishirini na sita, meno yote kinywani. Sasa ana sabini. Lazarus atampita pale langoni akitafuta msichana.

Bahati nzuri, dada Veronicah wa mtaa wa Jamhuri alikuwa anakufa. Kanisani kwao, mgonjwa aliyekata tamaa ya kupona hupewa salamu awapelekee waliotangulia, na Veronicah, aliyekuwa karani wa mahakama miaka mingi, hakutaka kubabaisha. Kila ujumbe aliuandika kwenye daftari, akaukariri kila asubuhi kabla ya chai.

Namalwa akatoka kwake mtaa wa Satellite, akapitia kwanza mjini kwa Pramila, mpiga picha.

"Mama, nitoe hii makunyanzi kidogo?" Pramila akauliza, macho kwenye kompyuta.

"Usiguse hata moja. Anayepelekewa hajawahi kuyaona."

Alasiri akawa kando ya kitanda cha Veronicah. Mgonjwa akaitazama picha kwa makini, akairudisha.

"Picha sibebi. Hatukuja na kitu, hatuendi na kitu. Lakini uso nimeushika. Nimwambie nini Baba Becky?"

"Mwambie ni mimi. Nimezeeka tu."

Veronicah akaandika. "Wewe ni wa nane humu daftarini. Haya, na yeye anakaa aje? Nitamjuaje?"

"Ni mrefu. Mweusi hivi."

"Hao ni wengi. Uso?"

Namalwa akafungua kinywa. Picha yao pekee ya arusi iliungua pamoja na nyumba kule Mutuini, mwaka uleule wa msiba, naye hakuisikitikia sana kwa sababu uso wa mumewe alikuwa nao kichwani. Sasa akautafuta. Akapata kofia. Akapata shati la kijani. Katikati hapakuwa na mtu. Akaona aibu, kisha akaogopa kuliko siku ya mazishi. Miaka arobaini na minne ameogopa kusahauliwa, kumbe aliyesahau ni yeye.

"Dada, siukumbuki," akasema, na machozi yakamtoka.

Veronicah hakumbembeleza. Kalamu ilikuwa bado juu ya karatasi. "Kuna kitu kingine unakumbuka?"

"Alikuwa anakohoa mara mbili akifika mlangoni. Hata habishi hodi. Nilikuwa najua ni yeye kabla sijafungua."

Veronicah akaandika hilo, akalipigia mstari. Kisha akarudi juu na kuufuta ule ujumbe wa Namalwa wa kwanza.

"Basi nitamwita kwa jina lako, nione nani atageuka. Nitamwambia akae karibu na lango, na siku akisikia umefika, akohoe."

"Mara mbili," Namalwa akasema.