Lita Nne za Mchana

Jumanne asubuhi, baada ya chai, Fundi Kijiko alilizamisha tangi la pikapu kwenye pipa la maji lililopasuliwa kwa urefu, akaziba matundu yake yote kwa matambara, akaacha moja la kupulizia kwa pampu ya baiskeli. Alipuliza, kisha akachuchumaa kusubiri mapovu. Mwenye gari alichuchumaa upande wa pili, miwani imemshuka hadi ncha ya pua. Aliyasubiri mapovu yale kama mtu aliyekaa kwenye benchi akingoja jina lake liitwe.

"Hakuna," alisema fundi.

"Puliza tena."

"Mzee, nikipuliza tena litapaa."

"Puliza tu, mwanangu. Polepole."

Alipuliza. Maji yalitulia tuli. Mdudu mmoja wa maji alikatiza kutoka ukingo hadi ukingo bila kutikiswa na chochote.

Mzee alikuwa dereva wa pikapu hiyohiyo enzi za kazi. Alipeleka makasha ya chanjo kwenye zahanati, na ofisini walimjua kwa kutochelewa. Kisha, miaka kumi na tisa iliyopita, alipewa barua. Ilikuwa fupi: kila siku ya kazi tangi lilipungua lita nne zisizo na maelezo, dereva alidai tangi linavuja, tangi limekaguliwa, halivuji, kwa hiyo dereva ananyonya mafuta. Neno lile lilikuwa na bahati mbaya ya kuwa na maana nyingi. Mtoto hunyonya, kupe hunyonya, na mwenye mpira na dumu hunyonya. Watu walizichukua maana zote kwa pamoja, wakamwita Mnyonyaji. Mwanzoni walimwita hivyo kwa kumsengenya. Baadaye walizoea, likawa jina tu. Watoto wa mtaa walimwamkia kwa adabu zote, "Shikamoo, babu Mnyonyaji," na dukani kwa mwuza dawa pakiti zake za presha ziliandikwa hivyohivyo kwa kalamu nyekundu.

"Mimi niliolewa na dereva," mkewe alikuwa akisema, "nikazeeka na kupe."

Ofisi ilipoitupa ile pikapu nyuma ya ghala, nyasi zikaota katikati ya sakafu yake na kuku wakataga kwenye boneti, mzee aliiomba, akapewa. Aliivuta hadi uani kwake. Hakutaka kubebea mizigo wala kutembelea wajukuu. Alitaka kulipata tundu. Akilipata, angeling'oa tangi, alipeleke ofisini mikononi kama mtoto mgonjwa, na kumwambia karani: tazama, lilikuwa linavuja, nifutieni lile neno. Hilo ndilo lililomfanya amwite Fundi Kijiko.

Fundi huyu aliitwa hivyo kwa sababu ya kijiko kilichokaa mfuko wa kifuani tangu alipoanza ufundi. Alikwangulia nacho masizi, alipimia nacho oili, na injini ikiunguruma alisimika kichwa cha kijiko kwenye chuma na mpini sikioni, akasikiliza kama daktari. Alikuwa na utaratibu mmoja tu, wala hakuuvunja kwa ajili ya mtu. "Mafuta yana njia moja," alisema. "Tangi, bomba, chujio, pampu, kabureta. Anayeruka kituo atarudi kwa miguu."

Basi hawakuruka kituo. Tangi lilitiwa kokoto na kutikiswa hadi likatapika kutu nzito kama uji. Bomba lilipulizwa, likatoa kiota cha nyigu na kifungo cha shati. Chujio lilikuwa limeziba kabisa, likabadilishwa. Utando wa pampu ulikuwa umepasuka. Fundi akakata mpya. Kwenye kabureta, boya lilikuwa limenasa na vitundu vidogo vimejaa ute. Akavizibua kwa unyuzi mmoja wa waya, ulimi nje, kama anayetunga uzi kwenye sindano. Alhamisi walitia lita kumi, wakapiga stata. Pikapu ilikohoa, ikakohoa tena, ikatema moshi mweupe uliomfanya mke wa mzee akimbilie kamba ya nguo, kisha ikanguruma vizuri. Fundi aliweka kijiko sikioni, akatikisa kichwa kukubali. Walizima, wakaenda kula.

Waliporudi, walipima kwa kijiti. Zilikuwa zimebaki sita.

Mzee alifurahi waziwazi. "Unaona? Linavuja!"

Fundi alitandika magazeti chini ya gari lote. Ijumaa walijaza tena hadi kumi, hawakuliwasha kabisa, na baada ya chakula cha mchana zikawa sita, magazeti makavu kiasi cha kusomeka. Jumamosi fundi alichomoa bomba na kuligonga tangi kizibo. Zikabaki sita vilevile.

Siku hiyo Bwana Mkubwa alipita. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa magari ofisini, na ingawa alistaafu zamani, mtaa mzima ulimwita hivyo. Alikuwa akinyonya pipi ya mnanaa na kuegemea fimbo.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa," alisema mzee.

"Marahaba, dereva. Bado unatafuta tundu?"

"Bado kidogo tu."

"Vizuri. Ila huyu fundi wako asichomelee nikiwa karibu. Tangu juzi tumbo langu haliivani na moto. Hata mkwe wangu ananipa chai baridi." Alitia pipi ya pili mdomoni, akaenda zake.

Jumapili waliamua kukaa na kuliangalia gari lenyewe. Ilipofika saa saba na nusu, springi zililegea, bodi ikashuka kidogo kama mtu anayejitupa kitandani. Vioo vilipata ukungu kwa ndani. Fagio moja la kioo lilitikisika, likatulia, likatikisika tena, kama mguu wa mbwa aliyelala. Mita ya kilomita ilianza kutembea taratibu huku magurudumu yamesimama. Ilitembea kilomita kumi na moja.

Mke wa mzee alipita na ndoo. "Linaota," alisema.

"Linaota nini?" aliuliza mzee.

"Kitu kimefanya kazi moja miaka yote, kitaota harusi? Kinaota kazi." Akaenda kumwaga maji.

Fundi alisema inawezekana. Shangazi yake alikuwa na cherehani iliyokula uzi kila alasiri kwa namna hiyo. "Mimi nasema tufuate mafuta," alisema. "Kama yanakwenda ndotoni, nasi tuende huko. Hatujaruka kituo mpaka leo."

Jumatatu walikula mapema, wakajaza tangi, wakaingia garini na kufunga milango. Kiti kilikuwa cha moto na kilinukia ngozi ya zamani. Mzee alikaa dirishani, fundi katikati. Springi zilipolegea, nao walilegea.

Walikuwa njiani. Barabara ilikuwa nyeupe, miti ya pembeni ikija na kuondoka bila haraka, na nyuma makasha ya chanjo yaligongana kwa sauti ya barafu. Aliyeshika usukani alikuwa mzee mwenyewe, miaka kumi na tisa nyuma, akiimba kwa kupindisha maneno.

"Mzee, ulikuwa na nywele," alisema fundi.

"Zilikuwepo," alisema mzee.

Saa saba waliingia ofisini. Bwana Mkubwa alitoka kivulini, mweusi wa nywele, koti begani. "Dereva, kale," alisema. "Funguo niachie. Gari nitaliangalia mwenyewe." Dereva kijana alimkabidhi funguo kwa mikono miwili. Ule wa kifuniko cha tangi ulikuwa kwenye pete hiyohiyo. Kwa miaka yote mzee alikuwa ameikumbuka saa ile kwa shukrani: bosi mzima kukaa juani akilinda gari la dereva ili dereva apate kula. Alikuwa amemsimulia mkewe. Mkewe aliwahi kumpelekea Bwana Mkubwa mayai kwa ajili hiyo.

Sasa aliutazama mgongo wake mwenyewe ukienda kula. Alitaka kuuita, lakini ndoto haikuwa yake, ilikuwa ya gari, na gari halikuwahi kusikia mtu akiita. Bwana Mkubwa alitoa mpira wa kijani ndani ya koti, akapiga magoti, akafungua tangi, akanyonya mara moja, akatema, akaelekeza mpira kwenye dumu la bluu. Alinyonya kwa ustadi, bila tone kuanguka. Dumu lilipofika kwenye mstari wa nne, alikunja mpira, akapangusa mdomo, akaweka dumu chini ya ngazi na kusimama tena kivulini, akilinda gari.

Walipoamka, jasho limewatoka, kijiti kilisoma sita. Fundi alishuka, akanywa maji, akampa mzee yaliyobaki katani.

"Tangi lako ni zima," alisema.

"Ni zima," alisema mzee. Alisema kwa sauti ya mtu aliyepotelewa na kitu.

Walikwenda nyumbani kwa Bwana Mkubwa kwa miguu. Walimkuta barazani, ameinama juu ya dumu la bluu, akitema. Alitema kwa utulivu, mkondo mwembamba, hadi ukafika mstari wa nne, akajipangusa kwa kitambaa, akatafuta pipi.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa."

"Marahaba. Mmekuja vizuri, maana hili gari lenu linanisumbua. Tangu Alhamisi nikijilaza kidogo mchana naamka na petroli mdomoni. Mtu wa umri wangu!"

"Ni lita ngapi?" aliuliza fundi.

"Nne. Hazizidi, hazipungui."

"Ni zile," alisema mzee.

"Ni zile," alikubali Bwana Mkubwa. "Nilinyonya. Kwani nimekataa? Kila mtu alikuwa na kitu chake pale ofisini; mimi nilikuwa na mpira."

"Basi tuandikie," alisema mzee. "Mistari miwili tu, kwamba aliyenyonya hakuwa dereva."

Bwana Mkubwa alimtazama kwa huruma ya kweli. "Dereva, kusema ni jambo moja na kuandika ni jingine. Mimi nimestaafu na cheti. Kimetundikwa sebuleni, wajukuu wanakisoma. Kikishuka pale, niwaambie kimekwenda wapi?" Akalisogeza dumu kwa fimbo. "Mafuta yako chukua. Sina ubaya nawe."

Kesho yake walikwenda ofisini. Karani alikuwa mwanamke mchanga mwenye adabu. Alisikiliza yote, tangi, ndoto, dumu, bila kukatiza, akainuka na kuleta faili lenye vumbi na fomu moja mpya.

"Naweza kubadilisha sababu ya upungufu," alisema. "Ila sababu zenyewe ni mbili. Kuna kuvuja, kuna kunyonywa na dereva."

"Kunyonywa na msimamizi?" aliuliza fundi.

"Hiyo hawakuiweka. Msimamizi ndiye aliyeitunga fomu."

"Na kuota?"

Aliigeuza fomu kutazama nyuma. "Kuota hakuna. Babu, mbona rahisi tu? Nikuandikie kuvuja. Nileteeni tangi lenye tundu, nigonge muhuri, neno lifutwe leo hii."

Walirudi uani. Fundi alilishusha tangi, akachagua msumari, akachagua na nyundo, akaviweka juu ya tangi, akakaa kando na kuanza kusafisha kijiko ambacho hakikuwa kichafu. "Ni pigo moja," alisema. "Sikuangalii."

Mzee aliushika msumari. Mkewe alisimama mlangoni na ufagio. Mzee aliweka ncha ya msumari pale chini, kwenye kona ambapo kutu ingeaminika, na tangi likatoa mlio mdogo, wa hewa tu, maana lilikuwa limeshaanza kusinzia. Ilikuwa inakaribia saa saba na nusu.

"Haliwezi," alisema.

"Ni bati, mzee. Linaweza."

"Miaka yote ile lilikaa peke yake nyuma ya ghala, na halikuvuja. Mimi ndiye niliyelisingizia. Leo nilitoboe ili niwe mkweli?"

Alirudisha msumari kwenye kopo. Mkewe aliingia ndani, akarudi na kipande cha godoro kuukuu, akakiweka juu ya kiti cha pikapu, kwa sababu mtu akilala pale mchana shingo inauma.

Mambo yalitulia hivyo. Siku hizi pikapu inatembea. Mzee humpeleka mkewe kliniki na fundi kwenye duka la vipuri, na watu husifu inavyonguruma. Mchana hulala na kuota, na lita nne hupotea. Saa tisa Bwana Mkubwa huamka, hutema, hupata nafuu, huweka dumu barazani. Mzee huvuka mitaa miwili, hubisha hodi, humwamkia, huchukua dumu, hurudi kumimina. Fundi anasema hajapata kuona gari lenye matumizi madogo namna hiyo. Lita zilezile zinazunguka tu.

Jirani wa kona, anayekaa nje na redio kila alasiri, humwona akitoka nyumbani kwa mtu mwenye heshima zake akiwa na dumu la petroli. Hutikisa kichwa.

"Mnyonyaji! Uzee wote huo, bado tu?"

"Bado," hujibu mzee, na kulihamishia dumu mkono wa pili.