Sema Ni Tumbo

Desmond Hartnoll alikuwa anaosha pikipiki nje ya nyumba yao ya kupanga, mjini Hua Hin, pwani ya nchi ya mkewe, kifua kilipombana kama kimekaliwa na mtu. Aliacha bomba likimwaga maji, akajishusha juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jasho jembamba lilimtoka, na mkono wa kushoto ulikuwa mzito kuanzia begani.

"Wanphen!"

Mkewe alitoka jikoni na mwiko wa uji wa mchele. Alimtazama mara moja tu, akajua.

"Moyo?"

"Tumbo," Desmond akasema. "Unanisikia? Tukifika hospitali, sema ni tumbo. Pilipili za jana."

Jana hakugusa pilipili. Alikula mayai na mkate wa kuchoma, kama alivyokula miaka yote aliyoendesha mabasi kwao Uingereza.

Wanphen hakubisha. Aliazima gari la jirani, akamfunga mkanda kama mtoto, akaondoka huku akipiga honi ovyo.

Desmond alipovuka miaka sabini, kampuni yake ya bima ilimwacha kwenye mataa. Alibisha hodi kwingine kote. Huku ni mzee mno, kule ada ingemeza pensheni yake yote. Iliyompokea mwishowe ilimwekea sharti: kwa kuwa anameza vidonge vya presha, moyo na mishipa ya damu wao hawahusiki. Yaani walimkatia bima mtu mzima, wakakiacha nje kitu chenyewe kitakachomuua.

Wazungu wazee wa mtaa ule walikuwa na elimu yao, wakifundishana kwenye baa ya kona. Usiende kupimwa ovyo, kisichoandikwa hakipo. Ukiulizwa yalianza lini, sema leo. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wahenga hawakuwahi kujaza fomu ya bima. Na pale kaunta ilikuwepo chupa ya michango, imebandikwa picha ya Lennart, Mswidi mwenzao. Lennart alishazikwa, mjane wake akauza shamba lake la mpunga, na hospitali bado ilikuwa inamdai. Desmond aliogopa kufa, ndiyo. Lakini chupa ile aliiogopa zaidi, maana Wanphen naye alikuwa na shamba moja tu, la urithi wa mama yake.

"Mzee, usifumbe macho," Wanphen alisema. "Nitukane, imba, fanya lolote."

"Unaendesha vibaya."

"Haya, endelea hivyohivyo."

Hospitalini walimlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Muuguzi, binti mwenye sauti ya upole, aliinama.

"Babu, unaumwa wapi?"

"Hapa." Alionyesha chini ya mbavu.

"Maumivu hayaendi mkononi?"

"Hapana." Mkono wa kushoto alikuwa ameufunika kwa kofia yake.

Dada wa dawati la bima alisimama miguuni pake na simu. "Kampuni inauliza ni nini."

"Tumbo," Desmond alijibu haraka.

Dada akaandika, akangoja, kisha akatabasamu. "Wamekubali, babu! Tumbo wanalipia."

Desmond alifurahi, Mungu amsamehe. Alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi, na papo hapo kifua kikambana tena hata akauma meno.

Muuguzi aliliona hilo. Alivuta karibu kitoroli chenye mashine ya kupimia moyo. "Kwa umri wako lazima tuangalie na hapa."

"Sitaki."

"Haiumi, babu."

"Najua haiumi. Karatasi inayotoka humo ndiyo inayouma."

Muuguzi alimgeukia dada wa bima, na yule dada akakwepa macho yake. "Ni kweli," alisema taratibu. "Ikionyesha moyo, watafutilia mbali hata idhini hii ya tumbo. Mgonjwa anaruhusiwa kukataa. Aweke sahihi tu."

Desmond aliipokea kalamu kwa mkono wa kulia. Alijua anachotia sahihi, akatia. Muuguzi akaanza kukisukuma kitoroli kwenda zake.

Hakikwenda. Wanphen alikuwa amekishika kwa mikono miwili.

"Shangazi, achia," muuguzi alisema.

"Mpime."

"Mwenyewe amekataa, na sahihi ameweka."

"Anadanganya. Mkono wa kushoto haufanyi kazi tangu asubuhi. Funua kofia uone."

"Wanphen!" Desmond alijaribu kuinuka, akashindwa. Machozi yalimtoka. "Wanphen, shamba la mama yako."

"Shamba halinikoromei usiku," alisema, akaanza kumfungua vifungo vya shati. Alivuta kwa nguvu hata kifungo cha pili kikang'oka na kuanguka sakafuni.

Muuguzi akairudisha mashine kitandani. Dada wa bima akainua simu yake, akaanza kuiandikia kampuni upya.